Firigisi ya Chewa

Mimi ni fundi wa bomba. Shule niliacha darasa la sita na sijalia kwa sababu hiyo, maana bomba likivuja halikuulizi cheti. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani mimi ni mtaalamu wa samaki. Ninachojua ni vali, pampu na jinsi maji yanavyopenda kutoroka. Mambo ya samaki nilifundishwa na Mzee Muhdhar, na wakati ananifundisha tayari alikuwa ameanza kusahau.

Nyumba yake iko Kitale, nyuma ya msikiti. Sebuleni kuna tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, na maji yake ni ya chumvi. Chumvi yenyewe si ya jikoni, inakuja kwa magunia kutoka Mombasa, naichanganya kwenye pipa na kuipima mpaka maji yawe sawa na ya bahari. Ndani ya tangi lote hilo anaishi samaki mmoja tu, chewa. Ukimwekea mwenzake mdogo atamla, kwa hiyo anakaa peke yake. Ni mwekundu wa matofali, ana madoa ya buluu mwili mzima, na urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mdomo ukifunguka ni mlango wa gereji, na kilichokuwa mbele yake hukioni tena.

Alikuwa wa mke wa Mzee, Bi Khadijo. Mama huyo alizaliwa Malindi, akaolewa akaletwa huku kwenye baridi, na kila aliposema kwamba Kitale haina bahari Mzee alikuwa akicheka. Siku moja akaacha kucheka, akamnunulia tangi. Ni miaka kumi na mbili sasa. Bi Khadijo ndiye aliyemlisha chewa mpaka alipofariki, miaka mitatu iliyopita. Aliacha karatasi kwenye kioo, ameibandika kwa selotepu: Jumanne na Ijumaa. Nyama ya baharini tu.

Baada ya mazishi Mzee alianza kupotea kidogo kidogo. Kwanza funguo, kisha majina ya watu, kisha siku. Binti yake Aaliyah ana duka la dawa Bungoma mjini, ana mume na watoto huko, hawezi kuja kila siku. Mimi ndiye niliyefunga mabomba ya lile tangi tangu mwanzo, kwa hiyo aliniita, akanipa chumba cha uani na kazi mbili: niangalie maji, na niangalie baba yake. Jumapili naenda kwangu Kabuchai, na siku hiyo jirani, Mama Rotich, anakaa na Mzee.

Ufunguo wa friza ya kamba na ngisi niliutia mfukoni mwangu. Mzee akiwa nao angemlisha chewa mara kumi kwa siku. Si utundu. Alishindwa kula chakula chake huku mwingine anamtazama, na chewa anatazama watu. Ukiketi mezani anakuja kwenye kioo, anakuangalia kwa jicho moja, anageuka, anakuangalia kwa lingine.

"Wakoli, huyu amekula?"

"Amekula, Mzee. Jana."

"Jana si leo."

"Leo ni Jumatano. Zamu yake ni Ijumaa."

"Mimi nakula Jumatano. Mbona mimi sina zamu?"

Nilikuwa namwambia mara tatu, nne, kwamba samaki wa namna hii hali kila siku, tumbo lake linafanya kazi pole pole. Anakubali, anashika kijiko, anakula. Dakika tano baadaye anaweka kijiko chini.

"Wakoli, huyu amekula?"

Aaliyah alikuwa akija kila Jumamosi, na yeye hakuwa na muda wa kuzunguka. "Umeshauliza, Baba. Umeshajibiwa." Alikuwa anasema hivyo kwa upole, lakini Mzee alikuwa anaona haya, anatazama sahani.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Sikukuu moja niliamua kumpikia Mzee kuku. Nilinunua jogoo soko la Chwele, nikampeleka kwa mwenye bucha karibu na msikiti amchinje yeye, maana nikichinja mimi Mzee hawezi kula. Nikapika mwenyewe. Kwetu Wabukusu firigisi ni ya mwenye boma. Haiendi kwa mke, haiendi kwa mtoto, na mgeni akipewa ajue ameheshimiwa kabisa. Kwa hiyo niliiweka juu ya sahani ya Mzee, na mafuta yake pembeni, jinsi inavyotakiwa.

Mzee akaitafuna kwa meno yake ya bandia, akaitoa, akacheka.

"Hii imenishinda. Mpe yule. Siku hizi yeye ndiye mkubwa wa nyumba."

Nikaiangalia ile firigisi. Nikaangalia karatasi ya Bi Khadijo. Nikajiambia, marehemu aliandika hivyo kwa sababu Malindi walikuwa na samaki wengi kuliko kuku. Nikaikata mara mbili, nikachukua lile koleo refu la plastiki, nikampelekea. Mlango wa gereji ukafunguka, ukafungwa. Mzee akapiga makofi. Kisha akashika kijiko akala sahani nzima bila kuuliza swali hata moja.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Niliona nimepata dawa. Kila wiki nikawa nanunua firigisi kwa mwenye bucha, na mafuta yake, naipika, namkatia chewa huku Mzee anakula. Nilimwambia mke wangu Nabwile habari hiyo nikiwa nyumbani Kabuchai, nikijisifu.

"Baba Kevin," akasema, "ni miaka ishirini na sita nakupikia firigisi. Sijawahi kuijua ladha yake. Sasa samaki amenipita?"

"Yule ni mkubwa wa nyumba."

"Ati mkubwa. Hana hata miguu." Akaendelea kupepeta maharagwe. "Siku akikupa chai uniambie."

Firigisi nilizotoa zilikuwa nane. Wiki ya tisa chewa hakuja kwenye kioo. Alikuwa nyuma ya jiwe lake, amelala upande, tumbo limejaa, na pumzi zake zilikuwa za haraka. Jumanne nikampelekea kipande cha kamba, akakiacha kikaanguka. Ijumaa vilevile. Mzee aliketi mbele ya tangi siku nzima, chai imepoa mkononi.

Jumamosi Aaliyah akafika. Hakuvua hata buibui. Alipiga magoti mbele ya kioo, akaangalia muda mrefu.

"Huyu amelishwa kupita kiasi," akasema. "Tumbo lile linaonekana. Nani amemlisha?"

Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Alitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini, anaichunguza imefanya nini.

"Labda ni mimi," akasema. "Sikumbuki. Lakini itakuwa ni mimi."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Sikujua bado kwamba firigisi ndiyo tatizo. Lakini nilijua nimeitoa, mara nane, na friza ilikuwa imefungwa, ufunguo ninao. Nilijua Mzee hakuweza kuwa amemlisha kitu. Nikanyamaza. Nilijiambia pengine alimpa mkate. Nilijiambia mambo mengi.

Aaliyah alinifuata uani. Macho yalikuwa mekundu.

"Fundi Wakoli, nimechoka kudanganya moyo wangu. Samaki huyu alimpenda kuliko kitu chochote, na sasa anamuua bila kujua. Kesho atawasha jiko la gesi bila kujua. Jumamosi ijayo namchukua, atakaa kwangu Bungoma. Nina chumba kimoja cha watoto, nitawabananisha. Tangi halitaingia. Huyo chewa akiwa bado hai tutatafuta wa kumchukua."

"Mzee ataishi vipi bila..."

"Najua," akasema. "Usinimalizie."

Alipoondoka nilimpigia simu Gicheru. Huyu ni mtu wa Nairobi anayetuuzia chumvi na vichujio, anajua samaki wa baharini kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nikamweleza dalili. Akauliza anakula nini.

"Kamba na ngisi. Na firigisi kidogo."

Nikasikia anaweka kitu chini.

"Firigisi ya nini?"

"Ya kuku."

"Wewe mzee, huyo ni samaki wa baharini. Tangu babu yake wa kwanza hajawahi kukutana na kuku. Ile nyama ngumu inakaa tumboni siku na siku, na yale mafuta ya nchi kavu yanamgandia kwenye ini. Ulimpa na mafuta?"

"Nilimpa na mafuta."

"Kwa nini sasa?"

Ningemweleza kwamba nilikuwa namheshimu? Akaniambia nisimpe kitu kwa siku nne, nibadilishe robo ya maji kila siku, kisha nijaribu kipande cha ngisi kidogo sana. Hakuahidi chochote.

Usingizi ulikuwa kidogo. Asubuhi, badala ya kwenda Kabuchai, nilimwomba Mama Rotich akae na Mzee, nikashika njia ya Bungoma. Ningeweza kupiga simu. Lakini neno la namna hiyo mtu anatakiwa aone uso wako unapolitoa.

Duka la Aaliyah hufunguliwa hata Jumapili. Kulikuwa na mama anayenunua dawa ya minyoo ya mtoto. Aaliyah aliponiona akaacha kuhesabu vidonge.

"Nani yuko na Baba?"

"Mama Rotich. Mzee ni mzima. Nimekuja kwa sababu ya samaki. Ni mimi niliyemharibu, si baba yako."

Nikasema yote pale pale kaunta, firigisi nane, mafuta, karatasi niliyoidharau, na vile nilivyonyamaza jana. Yule mama wa minyoo hakutoka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na si mngemla tu huyo samaki, bana," akasema.

"Mama, dawa yako hii hapa, kijiko kimoja jioni," Aaliyah akamwambia, na yule mama akaenda pole pole, bado anatugeukia.

Aaliyah aliegemea rafu. "Baba alisema ni yeye."

"Alisema hivyo kwa sababu hakumbuki. Mimi nakumbuka."

"Uliniacha nimwangalie baba yangu nikimhesabia kosa. Aliomba msamaha usiku mzima kwenye simu, unajua? Kila akisahau kwamba ameomba, anapiga tena. Mara sita, Fundi."

Kama angenifukuza kazi pale ningeona ni halali yake. Akafuta kaunta iliyokuwa safi.

"Sawa, hili halikuwa lake. Lakini kusahau bado kupo. Ukimpa ufunguo atamlisha mpaka apasuke. Ukimnyima, hali chakula chake. Hilo utalifanyaje?"

"Sijui bado."

"Angalau husemi uongo leo." Akavuta pumzi. "Jumamosi nakuja na begi. Nikikuta samaki anakula na Baba anakula, tutazungumza. Nikikuta vingine, ninaondoka naye."

Nikarudi Kitale. Mzee alikuwa pale pale mbele ya kioo. Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye.

"Mzee, huyu ameugua kwa sababu yangu. Nilimpa firigisi za kuku. Si wewe."

Alifikiri. "Firigisi? Ulimpa heshima kubwa." Akanigusa goti. "Amekosa bahati tu. Nimekusamehe."

Nikaona mzigo umetua. Nikaenda kubadilisha maji. Niliporudi na ndoo ya pili nikamkuta ameshika kichwa.

"Wakoli, nadhani nimemuua samaki wa Khadijo."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyonayo wiki hiyo. Nikaweka ndoo chini, nikaketi tena, nikamwambia tena. Kusema kweli kosa moja nimeliungama mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Kabuchai, na hakuna msamaha uliofanana na mwingine. Jumatatu aliniuliza kama firigisi ilikuwa na chumvi, akacheka mpaka akakohoa. Jumanne alikasirika, akasimama na fimbo yake, akaniambia nitoke nyumbani kwake nisirudi. Nikatoka, nikaketi kwenye ngazi. Mvua ya Kitale ilikuwa inaanza. Baadaye kidogo mlango ukafunguka.

"Wewe Wakoli, unafanya nini kwenye baridi? Ingia unywe chai."

Nikaingia. Nikanywa chai. Kisha nikamwambia tena.

Jumatano ndiyo iliyonishinda. Aliposikia aliinamisha kichwa, akasogea karibu, akapunguza sauti.

"Khadijo amejua?"

Nilitazama sakafu. "Hajajua, Mzee."

"Basi wewe usimwambie. Anaweza kukuumiza kwa maneno. Nitamwambia mimi, taratibu, akiwa amekula."

Nilienda uani nikaosha ndoo ambayo haikuwa chafu.

Alhamisi nikajaribu ngisi, kipande cha ukubwa wa ukucha, nikakileta karibu kabisa na mdomo wa chewa. Akageuza uso. Tumbo lilikuwa limepungua na alikuwa amesimama wima, hilo lilinipa moyo, lakini kula hakula. Ijumaa nikajaribu mara mbili, asubuhi na baada ya Mzee kurudi kutoka msikitini. Hakuna. Na Mzee naye alikuwa anakula vijiko viwili, vitatu, anasukuma sahani. Suruali yake nilikuwa nimeanza kuifunga kwa tundu jipya la mkanda.

Jumamosi Aaliyah alifika saa tatu, na begi. Alinisalimia kwa heshima, akamsalimia baba yake, akaangalia kioo, akaniangalia.

"Amekula?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akaenda chumbani. Nikasikia kabati linafunguliwa. Kanzu, sweta, dawa. Nilijua ile sauti ya mtu anayepanga nguo taratibu kwa sababu hataki kumaliza.

Nikachukua koleo na kipande cha ngisi, kwa mara ya mwisho, nikakisukuma mpaka puani kwa chewa. Hata hakusogea.

"Unafanya nini?" Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Namlisha, Mzee. Anakataa."

"Unamlazimisha. Huyu si mgonjwa wa hospitali. Lete hapa."

Akaninyang'anya koleo. Mikono yake hutetemeka akishika kikombe, lakini ilipoingia kwenye maji ilitulia. Hakupeleka kile kipande kwa chewa. Alikipeleka mbali, kona nyingine, akakitikisa kidogo, akakificha nyuma ya jiwe. Akakitoa, akakikimbiza. Akakisimamisha. Kikawa ni kitu hai kinachoogopa.

"Mfanye atake," akasema, si kwangu hasa. "Yeye ni mwindaji. Ukimpa kitu kilichokufa anaona umemtukana."

Chewa aligeuza jicho. Mzee akavuta kile kipande nyuma polepole, kimeumia kidogo, kinashindwa kukimbia. Chewa akatoka nyuma ya jiwe lake, mara ya kwanza kutoka kwa siku kumi na moja, mapezi yakitikisika, akasimama akiangalia. Kabati chumbani lilikuwa limenyamaza. Nilijua Aaliyah yuko mlangoni, sikugeuka.

Mzee alikitikisa mara moja tu.

Mlango wa gereji ulifunguka. Kile kipande hakikuwepo tena.

Mzee akatoa koleo majini, likamdondoshea maji kwenye kanzu, akageuka kututazama sisi wawili, ana furaha, na nikaona ile furaha inaanza kupotea njia, inatafuta ilikotoka.

"Huyu," akasema. "Huyu amekula?"

Nikamtazama Aaliyah. Alikuwa ameshika sweta kifuani. Nilijua jibu lake, nimelisikia kila Jumamosi kwa miaka miwili.

"Bado, Baba," akasema. "Mpe kidogo."

Nikaenda jikoni haraka. Ngisi wa zamu moja ya chewa ni vipande vitatu hivi vya ukubwa wa kidole. Nikavikata vipande vidogo mno, vya punje ya mahindi, nikaviweka kwenye kisahani. Niliporudi Aaliyah alinifuata mpaka mezani, akaangalia kisahani, akaelewa bila kuelezwa.

"Ukikata hivi anaweza kumlisha mara ngapi?"

"Nimehesabu ishirini. Ni chakula kile kile cha siku moja. Na siku ambayo si zamu tunampa viwili, vitatu, basi."

"Na ufunguo?"

"Wa friza ninao bado, lakini Mzee hana haja nao tena. Kisahani kitakaa kwenye friji, chini, anapofika. Ni chake."

Mzee alikuwa tayari ameshika koleo, anasubiri. Aaliyah alimpelekea kipande. Baba akakikimbiza, akakificha, chewa akakichukua, na Mzee akaketi mezani mwenyewe, akavuta sahani ya ugali wa asubuhi uliopoa, akaanza kula kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Binti yake akamtazama akila vijiko saba. Nilivihesabu na mimi.

Alimpigia mume wake Bungoma, akamwambia atarudi kesho, watoto wakale kwa bibi yao. Begi lilibaki chumbani, limefunguliwa. Hakusema kama ataondoka nalo tupu au vipi, na mimi sikumuuliza. Alivua buibui, akakunja mikono ya gauni, akaja jikoni nilipokuwa natayarisha ngisi wa kesho.

"Nipe kisu," akasema. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akakata kimoja, kikubwa.

"Kidogo zaidi," nikamwambia. "Siku ya Mzee ni ndefu."